Je, Wajua? Karatasi za Ugaidi Zinasomeka Hata Ukiwa Moi's Bridge

Je, wajua kwamba mojawapo ya kesi kubwa za Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu fidia ya waathiriwa wa ugaidi imebeba jina la ukoo la Mkenya? Ni kesi ya Opati dhidi ya Jamhuri ya Sudan, iliyoamuliwa tarehe 18 Mei 2020. Walioifikisha huko ni manusura na jamaa za waliouawa kwenye mashambulizi ya balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998. Majaji wote wanane walioisikiliza walikuwa na kauli moja: waathiriwa wanaweza kudai kutoka Sudan fidia ya kuadhibu, hata kama sheria iliyoruhusu fidia hiyo ilipitishwa miaka kumi baada ya mlipuko. Uamuzi uko kwenye tovuti ya mahakama hiyo bila malipo. Unaweza kuusoma kwenye simu ukisubiri matatu ya Kitale ijae.

Nimeanza na karatasi hiyo kwa makusudi. Vijana wetu wanaosoma Eldoret, Kakamega na Kibabii hupewa kazi za kuandika kuhusu ugaidi wa kimataifa, na wengi huzijaza yaliyosambazwa kwenye WhatsApp na vipande vya magazeti visivyo na tarehe. Wakati huohuo, hukumu, ripoti za Bunge, sheria na ripoti za Umoja wa Mataifa ziko wazi. Nyingi hazidai hata shilingi, isipokuwa bando au dakika chache za saiba. Waliouawa Nairobi, Garissa na Kampala walikuwa watu wetu, na wanastahili kuandikwa kwa ushahidi.

Je, wajua kwamba ukiutafuta mji wa Moi's Bridge katika nyaraka za kikoloni hutauona? Tafuta Hoey's Bridge, jina lililotokana na mlowezi Arthur Cecil Hoey na daraja lake la mto Nzoia. Mtafiti wa ugaidi hukutana na jambo hilohilo kila siku. Mahakama ya New York iliandika Usama bin Laden, si Osama. Kundi la Al-Shabaab huandikwa kwa kistari, bila kistari, kwa a moja mwishoni au mbili. Kabla hujasema hakuna kitu, badilisha tahajia mara tatu au nne.

Je, wajua kwamba Gazeti Rasmi la Serikali limekuwa likichapishwa tangu Novemba 1899, kabla reli haijafika Kisumu? Hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalum hutoka siku yoyote jambo likiwa la dharura. Mara nyingi mkono wa serikali dhidi ya ugaidi huonekana humo kwanza. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, Inspekta Jenerali wa Polisi alichapisha humo orodha ya watu na mashirika yaliyoshukiwa kuhusiana na Al-Shabaab. Miongoni mwao yalikuwa mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Haki Africa na MUHURI, na akaunti zao za benki zikafungwa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe. Anayesoma Gazeti peke yake atayaita mashirika hayo washukiwa. Asome na hukumu ndipo apate habari kamili.

Hukumu hizo ziko wapi? Ziko kwa Kenya Law, jina la kawaida la Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, ambalo huweka sheria zote za nchi na maelfu ya hukumu kwenye tovuti yake bila malipo. Tanzania ina TanzLII na Uganda ina ULII. Hukumu ya washtakiwa wa mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, ilisomwa Mei 2016 na Jaji Alfonse Owiny-Dollo, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda. Ndani yake utawakuta Wakenya waliovukishwa mpaka kupelekwa Uganda, na mabishano kama walivukishwa kwa njia halali.

Je, wajua kwamba Uganda na Tanzania zilipata sheria za ugaidi mwaka 2002, lakini Kenya, ambako watu 213 waliuawa mwaka 1998, haikupata yake hadi 2012? Mswada wa kwanza ulichapishwa mwaka 2003 ukapingwa vikali na viongozi wa Kiislamu, mawakili na watetezi wa haki, ukakwama. Usiishie kusoma Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 peke yake. Soma na mswada ulioshindwa, uone ni vifungu gani viliondolewa na vipi vilirudi kwa sura nyingine.

Kisha kuna kesi ambayo kila mtafiti wa mada hii angepaswa kuijua. Mnamo Desemba 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama, siku ambayo wabunge walirushiana maji na makonde ukumbini. Kifungu kimoja kiliifanya kuwa kosa kutangaza habari zinazodhoofisha uchunguzi wa ugaidi bila idhini ya polisi. Kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 katika nchi nzima. Muungano wa upinzani wa CORD ulikwenda mahakamani, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane, hivyo viwili vikiwemo. Hukumu ni ndefu. Isome hata hivyo, kwa sababu inapima hatua kwa hatua jinsi usalama na uhuru wa kusema vinavyokaa pamoja katika Katiba ya 2010. Mwalimu wako akiona umeinukuu kwa nambari za aya, atajua umeshinda nayo.

Hansadi nayo? Ina kumbukumbu za vikao vyote vya Bunge, neno kwa neno, na kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha ya Bunge tangu 1974, hotuba za Kiswahili huchapwa kwa Kiswahili. Mle ndani utaona mbunge wa Garissa na mbunge wa Kiambu wakizungumza juu ya shambulio lilelile kana kwamba ni mashambulio mawili.

Je, wajua kwamba Bunge la Kitaifa liliikataa ripoti ya kamati zake lenyewe kuhusu Westgate? Shambulio la tarehe 21 Septemba 2013 liliua watu 67. Kamati mbili zikaungana kuchunguza, zikaandika ripoti, na mwezi Machi 2014 wabunge wakaikataa. Tume ya uchunguzi iliyoahidiwa na Rais haikuundwa. Hivyo basi, anayetaka maelezo ya kiserikali ya Westgate hana budi kushona vipande: ripoti iliyokataliwa, Hansadi ya mjadala wa kuikataa, na kesi ya Nairobi iliyoisha Oktoba 2020 kwa wanaume wawili kupatikana na hatia ya kuwasaidia washambuliaji na mmoja kuachiliwa. Ni kazi ya subira, na pengo hilo lenyewe ni mada nzuri ya tasnifu.

Sasa twende ng'ambo, na hapa naomba utulie kidogo.

Khalfan Khamis Mohamed alizaliwa Zanzibar. Baada ya bomu la Dar es Salaam, lililoua watu 11, alikimbilia Cape Town akatumia pasipoti ya jina la uongo, akaomba hifadhi, akafanya kazi kwenye mgahawa. Tarehe 5 Oktoba 1999 alikamatwa katika ofisi ya uhamiaji, na muda mfupi baadaye maafisa wa FBI walimpandisha ndege kwenda New York. Kesi ilianza huko mwanzoni mwa 2001 mbele ya Jaji Leonard Sand, akiwa pamoja na Wadih el-Hage, Mohamed Sadeek Odeh na Mohamed Rashed Daoud Al-'Owhali. Yeye na Al-'Owhali walikabiliwa na adhabu ya kifo. Mawakili wakapeleka ombi katika Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini: serikali yake ilikuwa na haki ya kumtoa bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa? Tarehe 28 Mei 2001 mahakama hiyo ilijibu kwamba haikuwa na haki. Majaji waliagiza hukumu yao ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York. Siku iliyofuata, tarehe 29 Mei, baraza la wazee wa mahakama huko New York liliwapata wote wanne na hatia. Baraza halikuafikiana juu ya kifo, na mnamo Oktoba 2001 wakafungwa maisha.

Mtoto wa Zanzibar, bomu la Dar es Salaam, hukumu ya Afrika Kusini, kifungo cha Marekani. Karatasi zote hizo zinasomeka leo. Ya Afrika Kusini iko kwenye mkusanyo wa bure wa hukumu za nchi hiyo uitwao SAFLII, na nambari yake ni CCT 17/01. Kumbukumbu za kesi ya New York, siku kwa siku, zimehifadhiwa mitandaoni, na humo nyumba namba 43 ya mtaa wa Runda na Hoteli ya Hilltop ya Nairobi, walizozitumia washambuliaji, zimejadiliwa kwa undani ambao hakuna gazeti letu lililowahi kuufikia.

Je, wajua kwamba upekuzi uliofanywa katika nyumba moja ya Nairobi umebadilisha sheria ya Marekani? Mnamo Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mlipuko, maafisa wa Marekani na Kenya walipekua nyumba ya el-Hage, raia wa Marekani aliyekuwa akiishi Nairobi. Hawakuwa na hati ya jaji wa Marekani. Mnamo Novemba 2008 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba kanuni ya hati hiyo haifuati raia nje ya nchi, mradi upekuzi wenyewe uwe wa busara. Wanafunzi wa sheria wa huko huisoma kesi hiyo darasani. Wa kwetu wengi hawajaisikia, na nyumba ilikuwa Nairobi.

Mahakama za shirikisho za Marekani hutoza senti 10 za dola kwa kila ukurasa wa jalada kupitia mfumo wao wa PACER, lakini matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo ya mwaka husamehewa. Maamuzi ya majaji hayalipishwi.

Je, wajua kwamba serikali ya Marekani ilijichunguza yenyewe ikachapisha majibu? Bodi iliyoongozwa na Admirali mstaafu William Crowe ilitoa ripoti mnamo Januari 1999. Inasema kwamba kati ya waliouawa Nairobi, 44 walikuwa wafanyakazi wa ubalozi, na 32 kati yao hawakuwa Wamarekani. Inaeleza kwamba jengo lilikuwa karibu mno na barabara, na kwamba Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameonya kabla. Inaeleza pia habari ya mlinzi wa lango la nyuma aliyekataa kuwafungulia washambuliaji. Kwangu mimi huyo ndiye mtu wa kwanza wa kuandikwa katika historia ya siku ile, na nyaraka zinamtaja kwa heshima ndogo kuliko anayostahili. Isome ripoti ya Crowe pamoja na ripoti ya tume ya Septemba 11, iliyotolewa Julai 2004, ambayo inaonyesha kwamba Al-Qaida ilianza kuuchunguza ubalozi wa Nairobi tangu mwisho wa 1993.

Umoja wa Mataifa una tabia moja inayomsaidia mtafiti maskini: kila karatasi ina alama yake. Ukijua alama, huhitaji kubahatisha. S/RES/1189 (1998) ni azimio la Baraza la Usalama la kulaani mashambulizi ya Nairobi na Dar es Salaam, lililopitishwa tarehe 13 Agosti 1998, siku sita baada ya mlipuko, Kenya yenyewe ikiwa mwanachama wa Baraza. S/2011/433 ni ripoti ya wachunguzi wa vikwazo vya Somalia ya Julai 2011, yenye kurasa nyingi kuhusu mtandao wa vijana wa Pumwani na Majengo waliopeleka wapiganaji Somalia. Andika alama hiyo jinsi ilivyo, na karatasi itafunguka. Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo jiandae kusoma Kiingereza au Kifaransa.

Na maktaba za matofali? Eldoret ina maktaba ya umma. Vitabu vya ugaidi katika mpangilio wa Dewey hugawanyika mara mbili, na wasomaji wengi huona rafu moja tu: 303.625 kwa ugaidi kama mgogoro wa jamii, na 363.325 kwa ugaidi kama tatizo la usalama na jinsi ya kulizuia. Nenda rafu zote mbili. Katika vyuo vinavyofuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, anzia HV6431. Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses kina Maktaba ya Margaret Thatcher. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, hufundisha usimamizi wa majanga pamoja na masomo ya amani na migogoro, na tasnifu za wanafunzi waliotangulia hukaa humohumo maktabani. Ukiwa si mwanafunzi wao, beba kitambulisho na barua ya utangulizi. Tasnifu ya mtu aliyeishi Garissa ina thamani kuliko vitabu vitatu vilivyoandikwa mbali na hapa.

Garissa hiyohiyo, tangu 1996, ndiyo iliyobebesha ngamia vitabu ili maktaba iwafikie wafugaji. Ukiitaja Garissa katika kazi yako, utaje na hilo.

Je, wajua kwamba ukifungua faili za Kenya za miaka ya 1950 ukitafuta neno la Kiingereza la magaidi, utakaowakuta ni Mau Mau? Serikali ya kikoloni iliwaita hivyo kwenye barua, ramani na ripoti zake, na marufuku dhidi yao haikuondolewa hadi 2003. Faili nyingi za wakati huo zilisafirishwa kimyakimya kwenda Uingereza kabla ya uhuru, zikafichwa Hanslope Park, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau mahakamani London ilipozifichua mnamo 2011. Sasa ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa FCO 141. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo.

Sisi wa upande huu wa Nzoia tuna yetu. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipigwa marufuku mwaka 1948, baada ya polisi kuwapiga risasi watu Malakisi mwezi Februari na kuwaua 11, na Masinde akahamishiwa Lamu. Maafisa wa kikoloni waliwaandika wafuasi wake, wakiwemo vibarua wa mashamba ya walowezi Trans Nzoia, kwa lugha inayofanana sana na ya ripoti za usalama za leo. Kuzipata karatasi hizo kunahitaji ujue mipaka ya zamani. Bungoma wakati huo ilikuwa sehemu ya North Nyanza, kwa hiyo faili zake katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huanza na DC/NN au PC/NZA. Trans Nzoia na Uasin Gishu zilikuwa Bonde la Ufa. Mtu wa Moi's Bridge anaweza kuvuka daraja kwa miguu, lakini karatasi za ng'ambo hizi mbili zimekaa katika majalada tofauti.

Hifadhi hiyo iko Moi Avenue jijini Nairobi, barabara ileile uliposimama ubalozi uliolipuliwa, na ina vituo mikoani, kikiwemo cha Kakamega. Sheria yake huweka miaka 30 kabla ya nyaraka za umma kufunguliwa kwa wasomaji. Bomu la Hoteli ya Norfolk la tarehe 31 Desemba 1980 limeshavuka muda huo. Agosti 1998 itauvuka mwaka 2028.

Tahadhari mbili za haraka. Hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Maryland yenye matukio zaidi ya 200,000 ya ugaidi tangu 1970 haina mwaka 1993: kumbukumbu zake zilipotea kabla hazijafika chuoni. Mchoro wowote unaoonyesha 1993 ikiwa na amani duniani umekosea. Na Sheria ya Kuzuia Ugaidi inaadhibu umiliki wa vitu na maandishi yanayohusiana na kutenda kosa la ugaidi, kwa hiyo usipakue video wala miongozo ya makundi yenyewe kwenye simu yako. Hukumu na ripoti zinanukuu sehemu za kutosha kwa kazi ya darasani. Mwambie msimamizi wako mapema unachotafuta, kwa maandishi.

Mwisho, je, wajua kwamba sheria ya Kenya inakuruhusu kuidai karatasi ya serikali kwa Kiswahili? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika aandikiwe na afisa anayelipokea. Sababu yako ya kutaka habari haikupunguzii haki. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Usalama wa taifa ni sababu halali ya kukunyima, kwa hiyo usiombe orodha ya majasusi. Omba mpango wa kaunti yako wa kuzuia itikadi kali, takwimu za kesi za ugaidi zilizofikishwa mahakamani, bajeti ya fidia ya waathiriwa. Taja ofisi, taja kipindi, taja aina ya karatasi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman, na uamuzi wa tume una rufaa Mahakama Kuu. Marekani nayo, kupitia sheria yake ya uhuru wa habari ya 1966, hupokea maombi ya mtu yeyote, awe raia wake au la. Anayeandika kutoka Moi's Bridge kuomba nyaraka za ubalozi za Agosti 1998 ana haki ileile ya kujibiwa kama mkazi wa Washington.